Mlima Hutoa, Mvua Huosha

Ngong... ngong... ngong...

Umeisikia sauti hiyo, msikilizaji? Usiipigepige redio yako, haijaharibika. Ni mimi hapa studio. Mkono wa kulia nimeshika nyundo ndogo, na wa kushoto nimening'iniza kibamba cha jiwe nilichookota kando ya barabara kule juu Tarime. Jiwe la kawaida ukiligonga husema "pu" likanyamaza. Hili linalia kama kengele ya shule iliyoingia ufa. Wataalamu wa miamba huliita fonolaiti, na kwa Kigiriki cha kale maana yake ni jiwe la sauti. Kwa mtu wa redio, jiwe la namna hii ni zawadi.

Basi hamjambo wasikilizaji wangu. Hamjambo Sirari mpakani, hamjambo Nyamongo, Nyamwaga na Tarime mjini. Hamjambo Mugumu, Robanda, Issenye, na ninyi mliovuka Mto Mara asubuhi hii kwenda kuangalia mifugo. Kina mama mnaopepeta, vijana wa bodaboda mnaosubiri abiria, wachimbaji mliopanda juu kutoka duarani kupata hewa safi, karibuni wote. Leo tuna safari ndefu.

Nianze na deni. Juzi juzi nilikuwa mnadani Mugumu, mzee mmoja akanishika mkono. Akaniambia, "Mwanangu, wewe unayesema redioni, hebu nijibu. Mlima wa Wamasai ulitapika mwaka 2007, majivu yakaruka juu. Siku hizi mvua hazieleweki. Si mlima huo ndio ulioharibu hali ya hewa?" Nikamjibu haraka haraka, nina basi la kuwahi: "Hapana mzee, si mlima." Akaguna. Mnaujua ule mguno wa mzee asiyeridhika? Nimetembea nao mpaka leo. Shikamoo mzee wangu, kama unanisikia. Swali lako lilistahili zaidi ya neno moja, kwa sababu milima ya moto kweli imewahi kuibadili hali ya hewa ya dunia, tena si mara moja. Ushahidi wake mwingine tunaukanyaga hapa hapa Mara.

Twende polepole. Mlima wa moto unapotapika, sisi tunaona moto, lava na majivu. Kisichoonekana ni hewa. Inatoka kwa wingi, na sehemu yake kubwa, ukiacha mvuke wa maji, ni hewa ukaa. Najua mkisikia "hewa ukaa" siku hizi mnawaza wale wanaokuja vijijini na mikataba ya kutunza misitu. Leo sizungumzii biashara. Nazungumzia hewa yenyewe: ile tunayoitoa puani, ile inayotoka tanuri la mkaa linapowaka, ile inayofanya soda ichemke ukifungua kizibo.

Na soda isikupite hivi hivi. Kule Rungwe, mkoani Mbeya, kuna sehemu hewa ukaa inatoka ardhini yenyewe, kwa sababu chini ya milima ile bado kuna joto la volkano. Kampuni ya TOL Gases imechimba visima, inaivuna, inaisafisha na kuiuza kwa viwanda vya vinywaji. Kwa hiyo kuna soda umewahi kuinywa ukacheua pumzi ya mlima, wala hukujua.

Lakini pumzi hiyo si ya kuichezea. Ndugu zetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaoishi chini ya Nyiragongo, wana neno lao: mazuku. Mazuku ni mahali pa bondeni ambapo hewa ukaa inatoka ardhini na kutuama, maana ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Mbuzi akiingia, harudi. Mtoto akiingia kumfuata mbuzi, ndiyo msiba. Wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua neno hilo, wanaliandika vile vile kwenye vitabu vyao: mazuku. Kiswahili kimewapa jina la kitu walichokuwa wanakizungukazunguka.

Sasa tuje kwenye mlima wa mzee wangu. Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Kimasai, uko upande wa mashariki, ng'ambo ya nyanda za Serengeti, karibu na Ziwa Natron. Duniani leo kuna volkano nyingi hai, lakini huu hauna mwenzake. Lava ya volkano nyingine ni mawe yaliyoyeyuka: nzito, nyekundu, mara nyingi moto wa nyuzi elfu moja au zaidi. Lava ya Lengai ni nyeusi, inatiririka kama oili chafu ya gari, na joto lake ni kama nusu ya hapo. Tena ikishapoa haikai nyeusi. Ikipata unyevu, kwa muda mfupi tu inageuka nyeupe, ukiwa mbali unadhani mlima una theluji. Mwaka 1960 mwanajiolojia John Barry Dawson alipofika kule juu kwenye kreta, akaiona lava hii na kuichunguza, wenzake huko nje walishangaa. Ilikuwa lava ya magadi. Si mfano wa maneno, ni magadi hasa, chumvi ya soda iliyoungana na hewa ukaa.

Magadi haya haya, mama. Haya unayotia kwenye makande yaive upesi, na kwenye mlenda uvutike vizuri. Mvua huyaosha kutoka milimani, yakajikusanya kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, Natron upande wetu na Ziwa Magadi upande wa Kenya. Ukiyashika unashika hewa ukaa iliyofungwa ikawa jiwe. Ninalo bonge moja hapa mezani, tutalirudia mwishoni. Msiondoke.

Je, mlima usipotapika, hewa hiyo haitoki? Swali zuri, na jibu lilinishangaza mimi mwenyewe. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Hyunwoo Lee na Tobias Fischer wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, walitoa matokeo ya kazi waliyofanya kwenye bonde la Natron na Magadi. Hawakwenda kukaa kileleni. Waliweka vyombo juu ya udongo mtupu, kwenye nyufa za Bonde la Ufa, mahali ambapo wewe na mimi tungepita tusione kitu. Wakakuta ardhi inapumua. Kwa hesabu zao, bonde hilo peke yake hutoa kama tani milioni nne za hewa ukaa kwa mwaka, bila moto wala kishindo. Waliopima mabonde ya Ethiopia mwaka uliofuata walipata kiasi kidogo zaidi kwa kila eneo, na mjadala wa kiasi bado haujaisha. Kwamba ufa unapumua, hilo halina ubishi tena.

Haya. Hewa ikitoka, inafanya nini angani?

Fikiria usiku wa Juni pale Tarime juu, baridi ya kukaza meno. Ukijifunika blanketi, hilo blanketi lina moto? Halina. Linazuia joto la mwili wako lisiondoke. Hewa ukaa ndivyo ilivyo kwa dunia. Jua linatupa joto mchana, ardhi inalirudisha juu, na hewa ukaa inashika sehemu ya joto hilo lisipotee lote. Blanketi likiwa jembamba mno, dunia inaganda. Likiwa zito mno, dunia inatoka jasho. Kuna jambo moja linawachanganya watu: mlipuko mkubwa wa siku moja mara nyingi huanza kwa kuipoza dunia. Mwaka 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulirusha hewa ya kiberiti juu sana, ikawa kama mwavuli, dunia ikapoa kama nusu nyuzi kwa mwaka mmoja au miwili, kisha mwavuli ukaanguka. Kiberiti hakikai, na hewa ukaa inakaa. Nasema tena: kiberiti hakikai, hewa ukaa inakaa, na ndiyo maana historia ndefu ya hali ya hewa imeandikwa na hewa ukaa.

Sasa shukeni nami Nyamongo.

Wachimbaji wadogo wanaobeba matale kwenda karasha, na wale wa mgodi mkubwa wa North Mara, wanapasua mwamba mmoja wa zamani sana. Dhahabu ile imelala ndani ya mawe yaliyokuwa lava na majivu ya volkano. Mwaka 2006 Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Japani, walitangaza umri wa miamba ya ukanda huu wa Musoma na Mara. Walitumia vipunje vya madini ya zikoni, vidogo kuliko chembe ya chumvi, ambavyo ndani yake urani hugeuka risasi kidogo kidogo kama saa inayohesabu. Wakapata takriban miaka bilioni 2.67. Bilioni, msikilizaji. Ukihesabu mwaka mmoja kwa kila sekunde, usiku na mchana, usilale wala usile, itakuchukua zaidi ya miaka themanini kufika.

Enzi hiyo hapa palikuwa chini ya maji. Tunajuaje? Katika ukanda huo huo kuna mawe yenye mistari mistari ya chuma, na mistari ile ilitandikwa sakafuni mwa bahari. Hapa ndipo kitendawili kinapoingia. Jua la wakati ule lilikuwa changa na dhaifu. Joto ambalo leo tunapata vikombe vitano, wao wangepata vinne. Kwa jua la namna hiyo bahari zote zingepaswa kuwa barafu tupu, na mistari ya chuma isingetandikwa namna ile. Lakini maji yalikuwapo, mawe ya Mara yanashuhudia. Nani alizuia bahari isigande?

Blanketi. Volkano za enzi hizo zilikuwa nyingi na kali, zikapumua hewa ukaa, na pamoja na hewa nyingine kama methani zikaitandikia dunia blanketi zito kuliko la leo. Kwa hiyo, mura wangu uliyetoka duarani ukajifuta kifusi usoni, huo mwamba unaoulaumu kwa ugumu wake ni ndugu wa volkano zilizoizuia dunia isigande kabla mnyama yeyote hajazaliwa. Dhahabu ilikuja kujipenyeza baadaye kwenye nyufa zake, ikibebwa na maji ya moto yaliyochanganyika na hewa ukaa hiyo hiyo. Ndiyo maana wataalamu wa migodi hudondoshea jiwe tone la asidi: likitoa povu, wanajua hewa ukaa ilipita humo.

Mtu makini ataniuliza: kama volkano zinatoa tu, miaka nenda miaka rudi, mbona hewa haijajaa tukachemka? Hapo ndipo ninapoirudia fonolaiti yangu.

Ngong...

Jiwe hili lilitiririka kama lava mamilioni ya miaka iliyopita, Bonde la Ufa lilipokuwa linafunguka, likafunika sehemu za nchi ya juu ya Tarime na ule ukingo wa Isuria unaoingia Kenya. Vibamba vyake vilivyo vigumu bado vinalia. Lakini ukilichimbua mahali lililooza unapata nini? Udongo mwekundu. Ule ule unaootesha migomba, kahawa na mahindi yanayowafanya watu wa tambarare wawaonee wivu watu wa milimani. Nani aliliozesha? Mvua. Mvua inapodondoka huchukua hewa ukaa kidogo angani, ikawa kama soda dhaifu sana, asidi ya kukatisha tamaa ukiionja. Ipe asidi hiyo mamilioni ya miaka, itakula mlima. Na inapokula jiwe, hewa ukaa haibaki angani tena. Inafungwa ndani ya maji, inashuka mitaroni, inaingia Mto Mara, inapita chini ya daraja la Kirumi, inaingia Ziwa Victoria, kisha Nile. Inayofika baharini huchukuliwa na viumbe wadogo, wakajijengea magamba, wakafa, wakazama, wakawa chokaa. Siku moja chokaa ile inazama ndani zaidi ardhini, inapikwa, na mlima fulani unaitapika upya.

Mlima hutoa, mvua huosha. Nitalirudia hilo, maana mazungumzo yote ya leo yanalizunguka. Mlima hutoa, mvua huosha. Joto likipanda, mvua huongezeka na mawe huoza upesi, hewa ukaa ikafungwa zaidi. Baridi ikizidi, mvua hupungua, mawe hayaliki, hewa ukaa ikarudi kujaa. Dunia ina namna yake ya kujirekebisha, ila haina haraka hata kidogo. Ukiipa miaka laki moja au mbili, inajitahidi. Ukiipa miaka mia, haijafungua hata jicho.

Imewahi kushindwa? Imewahi, na vibaya sana. Kati ya miaka milioni 720 na milioni 635 iliyopita, barafu ilitambaa kutoka ncha za dunia mpaka ikaikaribia Ikweta, tena mara mbili. Watafiti wengi wanaamini karibu dunia nzima ilifunikwa, ikawa donge jeupe. Barafu nyeupe inarudisha mwanga wa jua, kwa hiyo kadiri inavyoenea ndivyo baridi inavyozidi. Ungetokaje hapo? Mwaka 1992 Joseph Kirschvink, Mmarekani, alitoa jibu lenye akili kwa urahisi wake. Barafu haiwezi kuziba mdomo wa volkano. Milima iliendelea kupumua juu ya barafu, na mvua ya kuosha haikuwapo, mawe yote yamefunikwa. Mlima unatoa, hakuna wa kuosha. Hewa ukaa ikarundikana mamilioni ya miaka mpaka blanketi likawa zito kupita kiasi, barafu ikakatika. Mwaka 1998 Paul Hoffman na wenzake walionyesha alama za jambo hilo kwenye miamba ya Namibia: mawe yaliyoburutwa na barafu, na juu yake, papo hapo, tabaka nene la chokaa la bahari ya joto. Mimi nikifikiri mahali ambapo hewa ukaa ya volkano iliiokoa dunia, nafikiri pale Namibia, jangwani.

Mahali ilipoua napo hapako mbali sana kwa fikra. Miaka milioni 252 iliyopita, huko Siberia, ardhi ilipasuka, lava ikamwagika juu ya nchi kubwa kuliko Tanzania mara kadhaa. Balaa halikuwa lava peke yake. Mwamba wa moto ulipenya katikati ya matabaka ya makaa ya mawe na chumvi, ukayaunguza. Sisi tuna makaa ya mawe Ngaka na Mchuchuma, ya zama zile zile, ambazo wataalamu huziita Permiani; hebu waza moto wa chini ukiingia kwenye makaa ya namna hiyo, eneo lenye ukubwa wa nchi. Hewa ukaa ilipanda upesi kuliko mvua ilivyoweza kuosha. Bahari ikapata joto, ikachachuka, ikakosa hewa. Zaidi ya aina nane kati ya kumi za viumbe wa baharini zilitoweka. Hakuna kifo kikubwa kama kile katika historia yote ya uhai.

Mnaona tofauti? Ile ya Namibia ilichukua mamilioni ya miaka. Ya Siberia ilikwenda mbio.

Kuna nyingine ya mbio, na hii Tanzania tuna kumbukumbu yake. Miaka milioni 56 iliyopita dunia ilipata joto la ghafla, nyuzi tano au sita zaidi, ndani ya miaka elfu chache. Wanasayansi wengi wanalihusisha na volkano za Atlantiki ya kaskazini, kati ya Greenland na Ulaya, zilizopika matope yenye masalia ya viumbe. Mabadiliko hayo yamekutwa kwenye udongo wa mfinyanzi wa Kilwa. Pwani ya Kilwa na Lindi ina udongo wa bahari ya kale uliohifadhiwa vizuri ajabu, na mtaalamu Paul Pearson na wenzake kutoka Uingereza, wakishirikiana na Shirika letu la Petroli, TPDC, wakiwemo wataalamu wetu kama Joyce Singano, walichoronga visima vyembamba kutafuta vigamba vidogo kama punje ya mchanga. Ndani ya vigamba hivyo kuna alama ya kiasi cha hewa ukaa cha wakati kiumbe alipokuwa hai. Kwa vigamba vilivyotoka karibu na kijiji cha Stakishari, mwaka 2009 walionyesha kwamba miaka kama milioni 34 iliyopita hewa ukaa ilishuka, na hapo ndipo barafu kubwa ya Antaktika ilipoanza kujengeka. Barafu ya ncha ya kusini, ushahidi wake kijiji cha Kilwa. Mimi jambo hilo linanifurahisha kila nikilisema.

Baada ya hapo, kwa safari ndefu yenye kupanda na kushuka, kuosha kulizidi kutoa. Hewa ukaa ikapungua, dunia ikapoa, nchi yetu ikakauka, na hatimaye zikaja nyasi.

Hapa watu wa Serengeti nataka mkae vizuri. Kule Mahenge, mkoani Singida, kuna ziwa la kale lililojaa ndani ya shimo la mlipuko wa kimbalaiti, mwamba wa aina ile ile ya almasi ya Mwadui. Tope lake, la miaka kama milioni 46, limehifadhi majani, samaki, chura, hata popo. Majani yale yanaonyesha pori la miti jamii ya mikunde, linalofanana na miombo ya leo. Nyanda za nyasi kama tunazozijua hazikuwapo. Nyasi za kitropiki, jamii ya mahindi, mtama, ulezi na muwa, zilikuja kutamba Afrika Mashariki miaka kama milioni 10 iliyopita na baadaye. Zina ufundi wa kubana matumizi: zinaweza kuishi na hewa ukaa kidogo pale ambapo mimea mingine inahangaika. Ukame ulizisaidia, moto nao ukazisaidia. Kwa hiyo ugali wako wa mtama ni wa mmea uliojifunza maisha wakati blanketi la dunia limekuwa jembamba.

Kisha volkano zikaja kumalizia kazi kwa mkono mwingine. Majivu ya Kerimasi na Lengai yalipeperushwa na upepo kuelekea magharibi, yakatua kwenye nyanda za kusini za hifadhi. (Wageni, tafadhali, Wilaya ya Serengeti na Hifadhi ya Serengeti si kitu kimoja, sisi wa Mugumu tunachoka kueleza.) Majivu yale ya magadi na chokaa yakalowa, yakakauka, chini ya udongo yakafanya sakafu ngumu kama saruji. Mti unashindwa kupitisha mzizi, nyasi fupi zinaweza. Na nyasi zile zimejaa kalisiamu, ndiyo maana nyumbu huenda kuzalia kule kila Februari, maziwa yapatikane. Hivyo nyasi zilitamba hewa ukaa ilipopungua, na udongo wanaoula nyumbu kupitia nyasi hizo ulitoka kwenye hewa ukaa iliyogeuka majivu. Kinyume na kinyume vimekutana uwanda mmoja.

Sasa nimgeukie mzee wangu wa mnadani, leo sina basi la kuwahi.

Mzee, ulikuwa na haki ya kuguna. Milima ya moto imeigandua dunia, imeichemsha, na kabla ya hapo ilizuia isigande. Lakini haikuwa mlima mmoja wala mlipuko mmoja. Ilikuwa nchi nzima kupasuka kwa maelfu ya miaka, au ufa kupumua kwa mamilioni. Lengai ya 2007 ilimwaga majivu yaliyowasumbua wafugaji wa jirani na mifugo yao, ila kwa hewa ya dunia ilikuwa kohozi dogo. Ukichukua volkano zote za dunia leo, Lengai, Nyiragongo, za Indonesia na Italia, na nyufa zote, ukaweka hewa ukaa yao ya mwaka mzima kwenye gunia moja, basi viwanda, magari na mitambo ya umeme ya binadamu inajaza zaidi ya magunia hamsini ya ukubwa huo huo. Sehemu yetu sisi wa Mara humo ni ndogo sana, hata ukihesabu bodaboda zote za Tarime. Mengi yametoka kwa waliotangulia kuwa na viwanda. Na mvua ya Tarime, pamoja na juhudi zake zote, inaosha kwa mwendo ule ule wa miaka laki.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mlima ndio umeharibu mvua zako za mwaka huu, nitasema si mlima. Ila safari hii nimekaa nikakueleza, na kama bado unaguna, nitafute mnadani.

Muda wangu unakwisha, fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Bonge la magadi liko hapa, saizi ya kidole gumba. Kama unayo jikoni, lete kipande na nusu ya limao, au ndimu ni sawa. Weka magadi kwenye kikombe, sogeza sikio karibu. Yangu nayaweka hapa chini ya kipaza sauti. Watoto, nyamazeni kidogo. Nakamua.

Chsssssss...